"Kusogeza mbele" mkutano siyo "bring forward"

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie orodha za nahau za Kiingereza ambazo magazeti yetu huzichapa katika kurasa za elimu, na ambazo siku hizi hupigwa picha na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. "Nahau 50 za kazi na muda": kushoto Kiingereza, kulia maana ya Kiswahili kwa maneno matatu, basi. Sisi ni walimu wa Kiingereza cha kazini, madarasa ya jioni. Wanafunzi wetu ni makarani, wauguzi, wahasibu, mafundi na madereva wa malori ya masafa, na orodha hizo ndizo madesa wanayokuja nayo. Nia ya wanaozichapa ni njema. Tatizo ni kwamba msomaji anaijua nahau kwa sura tu, siku ya kuitumia inamgeuka.

Chukua inayoleta hasara kuliko zote. Kwa Kiswahili mkutano ukisogezwa mbele umeahirishwa. Mechi ya Jumatano ikisogezwa mbele siku mbili, kila shabiki anajua ni Ijumaa. Kiingereza kina "bring forward", na orodha nyingi huitafsiri kwa maneno: kuleta mbele, kusogeza mbele. Maana yake ni kinyume kabisa. "The meeting has been brought forward to Monday" ni mkutano wa Jumatano uliowahishwa, sasa unafanyika Jumatatu. Mtego wa pili umekaa mgongoni mwa wa kwanza: kuwahisha tarehe sisi huita kuirudisha nyuma, nao Waingereza wana "push back", ambayo mwanafunzi huisoma kama kurudisha nyuma, kumbe ndiyo kuahirisha. Anayetafsiri kwa maneno hukosea mara zote mbili, tena kwa kujiamini, bila hata kuuliza.

Asidhani kwamba wenye lugha wako salama. Liko swali mashuhuri ambalo watafiti wa lugha wamewauliza watu wengi: mkutano wa Jumatano ijayo "has been moved forward two days", sasa ni lini? Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hugawanyika, hawa Jumatatu, hawa Ijumaa. Kwa hiyo "move forward" isitumike kabisa katika barua pepe za kazi. "Bring forward" na "push back" zitumike pamoja na siku zote mbili, ya zamani na mpya: "brought forward from Wednesday to Monday". Anayetaka usalama kamili aandike "postponed to Friday" kwa kuahirisha. Aliye chini ya mabosi kutoka India atasikia pia "prepone", yaani kuwahisha. Ni Kiingereza halali cha huko, lakini akimwandikia mtu wa London amwekee siku waziwazi, maana huenda huyo hajawahi kulisikia. "Put off" ni kuahirisha, "call off" ni kufuta kabisa. Herufi chache tu zinatofautiana, na aliyezichanganya huacha watu wakisubiri kikao kisichokuwepo.

Kundi la pili ni neno letu moja, "mpaka", au "hadi", linalobeba kazi ya maneno mawili ya Kiingereza. "Leta ripoti mpaka Ijumaa" huandikwa "submit the report until Friday", na Mwingereza anayeisoma haelewi, kwa sababu kwake ni kama kuambiwa uendelee kuwasilisha ripoti ileile mchana na usiku hadi Ijumaa. Kipimo ni kitenzi. Kama jambo linafanyika mara moja likaisha, kama kulipa, kufika, kuwasilisha, kusaini, ni "by Friday". Kama ni hali inayoendelea, kama kusubiri, kukaa, kuwa wazi, ni "until Friday". Tangazo moja linaweza kuhitaji yote mawili: dirisha la maombi liko wazi "until 30 June", lakini fomu yako iwasilishwe "by 30 June". Kikanushi hubadilisha hesabu: "the results will not be out until Monday" ni sahihi, kwa kuwa kutotoka ni hali inayoendelea. Na "by Friday" kwa kawaida huihesabu Ijumaa yenyewe, "before Friday" huiacha nje. Penye fedha, andika "no later than", uweke na saa.

Saa nayo ina yake. Kila mtu anajua kwamba saa mbili asubuhi yetu ni 8 yao, ongeza au punguza sita. Kinachosahaulika ni kwamba "saa mbili" yetu ni wakati na pia ni muda, ndiyo maana watu mitaani husema "masaa mawili" wakimaanisha muda, wasanifu wa lugha wanune wapendavyo. Masaa hayo yanafanya kazi. Kwenye Kiingereza mtego uko katika kihusishi, lile neno dogo linalotangulia muda. "I'll be back in two hours" maana yake ni baada ya saa mbili kupita, siyo wakati wowote ndani yake. "Ndani ya saa mbili" ni "within two hours". Mteja aliyeambiwa "in two hours" hapaswi kuanza kulalamika dakika ya arobaini, na fundi aliyeahidi "within" hapaswi kufika dakika ya mia na thelathini.

Usiku una utata mwingine. Pwani, "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya kale ni usiku wa Alhamisi yao, kwa sababu siku huanza jua linapozama. Kiswahili chenyewe kimejitibu kwa "usiku wa kuamkia". Kiingereza hakina dawa hiyo, na "midnight on Friday" haimwambii mtu kama ni mwanzo au mwisho wa Ijumaa. Wenye kujua huandika 23:59. Kwenye ratiba ya zamu za wauguzi, andika tarehe mbili: zamu inaanza tarehe fulani saa 20:00 na kuisha tarehe inayofuata saa 06:00.

Kwa wanaofanya usaili wa mtandaoni na ofisi za Uingereza, tofauti ya saa haitulii. Sisi hatugeuzi saa, wao huzigeuza Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Usaili wa "10 a.m. London time" ni saa saba mchana kwetu wakati wao wako baridini, na saa sita mchana wakati wa kiangazi chao. Barua ikisema "the clocks go forward" maana yake saa zao zimeongezwa moja, na tofauti imepungua kutoka tatu hadi mbili. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma, Kigali na Bujumbura wapunguze moja tena.

Hapo kwenye saa ndipo ilipo nahau ambayo Mswahili anaielewa kuliko Mwingereza, na hakuna orodha tuliyoiona inayolisema hilo. "At the eleventh hour" imetoka Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu anayetoka kutafuta vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, halafu anawalipa wote dinari moja. Saa hizo zimehesabiwa kuanzia macheo, sawasawa na zetu. Kwa Mwingereza wa leo, 11 ni karibu na adhuhuri au karibu na usiku wa manane, hivyo nahau inaning'inia tu, ameirithi. Kwetu saa kumi na moja ni jua linakwenda kuzama na kazi inakaribia kufungwa, ndiyo maana yenyewe hasa. Watangazaji wa mpira wangesema dakika za lala salama. Umbo lake ni moja: "at the eleventh hour", siyo "on", siyo "in", na "the" haitoki. Ikigeuka sifa hupata kistari, "an eleventh-hour agreement". Isichanganywe na "in the nick of time", ambayo lazima jambo liwe limefanikiwa: gari la wagonjwa likifika "in the nick of time", mgonjwa amepona. Makubaliano ya "eleventh hour" yanaweza kuvunjika kesho yake asubuhi.

Neno "deadline" wewe Mhariri unalijua kuliko sisi, dedilaini inawakimbiza kila jioni. Pengine wasomaji hawajui kwamba lilianza kama mstari wa kweli katika kambi za wafungwa za vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Kule Andersonville, Georgia, mwaka 1864, mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi. Chumba cha habari kimelipunguza makali kidogo. Kinachowashinda wanafunzi ni vitenzi vyake. Kwa sababu sisi "tunafikia" lengo, wanaandika "I reached the deadline". Kiingereza husema "meet a deadline", "miss a deadline", "extend", "set", na "work to a deadline". Neno bila vitenzi vyake ni panga bila mpini.

Tukija kwenye kupoteza kazi, orodha za nahau ni hatari, kwa sababu zote huweka tafsiri moja: kufukuzwa kazi. Kibarua kikiota nyasi, Kiingereza kinataka kujua kimeotaje. "Get the sack" na "be fired" ni lugha ya mdomoni, na husikika kama umefukuzwa kwa kosa. "Be laid off" ni kazi imekosekana. "Be made redundant" ni nafasi yako imefutwa, wewe huna kosa. Sheria ya Tanzania hutumia "retrenchment" kwa jambo hilo, ya Kenya hutumia "redundancy", na fedha ziko ndani ya neno. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi aliyepunguzwa hapa kwetu hulipwa mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, hadi miaka 10. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hana haki ya malipo hayo. Kenya ni siku 15 kwa kila mwaka. Sasa mtu aliyepunguzwa anapoandika kwenye maombi ya kazi mpya "I was fired from my last job" kwa sababu kamusi ya mfukoni imempa neno hilo, amejishtaki mwenyewe kwa kosa ambalo mwajiri hakuwahi kumtuhumu nalo.

Na "summary dismissal" haina uhusiano na muhtasari. Ni kuachishwa papo hapo, bila notisi au kwa notisi fupi kuliko ile ya sheria. Neno "notice" lenyewe lina ukoo mkubwa: "give notice" au "hand in your notice" ni kutoa notisi ya kuacha kazi, "at short notice" ni kwa taarifa ya ghafla, "until further notice" ni mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Mfanyakazi wa Tanzania anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, ana notisi isiyopungua siku 28, na mkataba ukisema "28 days" bila kusema "working days", Jumamosi na Jumapili zimo.

Katika mikataba pia kuna "time is of the essence". Orodha huitafsiri "muda ni muhimu", na watu huipachika kwenye barua pepe kwa maana ya fanya haraka. Kwenye mkataba siyo pambo. Inasema kwamba kuchelewa peke yake kunatosha kumpa upande wa pili haki ya kuvunja mkataba, hata kama mzigo umefika mzima. Anayesaini chini ya maneno hayo ajue kwamba siku moja inaweza kumgharimu zabuni yote.

Yapo maneno yanayoonekana rafiki na yanakuangusha. "Kesho niko ofu" huwa "tomorrow is my off day". Kwa Waingereza "an off day" ni siku mbaya, siku ambayo mkono hauendi. Siku ya mapumziko ni "a day off". Mchapakazi siyo "workaholic": neno hilo limeundwa kutoka kwa ulevi wa pombe, ni mtu aliyelewa kazi hadi inamdhuru. Mchapakazi ni "hard-working", na angalieni tusiandike "he works hardly" kwenye barua ya kumpendekeza mtu, maana aliye mbali ataisoma kama "he hardly works", hafanyi kazi kabisa. "Jack of all trades" kwenye wasifu wa kazi wengi huiona sifa, mtu wa kila fani. Msomaji huimalizia kimoyomoyo "master of none", na mshika mawili huyo anawekwa pembeni. Sema "I have experience in" kisha utaje fani tatu.

Nahau ya "cut corners" inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu Kiswahili kina neno lake barabara na hakuna anayelitumia kufundishia. Dereva akiiona hufikiria kukata kona. Maana yake ni kulipua kazi. Fundi aliyetakiwa kuchanganya mfuko mmoja wa saruji kwa ndoo kadhaa za mchanga, akaongeza ndoo tatu ili mfuko ufike mbali, na maji akayamimina kwa jicho: ukuta unasimama, unapigwa lipu, unapendeza, na mvua za masika zikija unaanza kupukutika kwenye maungio. Huyo "cut corners", na alicholipua hufuata baada ya "on": "they cut corners on the foundations". Siyo "in", siyo "for". Ni lazima "corners" kwa wingi, bila "the". Na "cut" haibadiliki wakati uliopita, kwa hiyo muda uonekane kwenye maneno mengine ya sentensi. Mwanafunzi aliyepewa mambo hayo manne na picha ya ule ukuta hasahau. Aliyepewa "cut corners: fanya kwa njia ya mkato" kesho yake anaitumia kusifu: "we cut corners to save your money". Barua ya namna hiyo kwa mteja ni kukiri kosa kwa maandishi.

Sarufi nayo hujificha ndani ya nahau. "It's high time" hufuatwa na kitenzi cha wakati uliopita, "it's high time we left", ingawa hakuna aliyeondoka. Sisi tunasema "umefika wakati tuondoke", ndiyo maana "we leave" hutoka yenyewe mdomoni. "On time" ni kwa saa iliyopangwa. "In time" ni kabla hujachelewa. Basi likiondoka "on time" na wewe hukufika "in time", umeachwa.

Sasa namna ya kujifunza, kwa kuwa ndilo wanaloulizia wasomaji. Nahau sita kwa wiki zinatosha. Thelathini ni kukariri, na baada ya siku kumi hazibaki tano. Kila nahau ipewe ukurasa wake kwenye daftari, na iandikwe ndani ya sentensi nzima iliyotoka mahali halisi: mkataba, tangazo la kazi, barua pepe ya ofisini, habari ya gazeti. Chini yake andika nani anamwambia nani, na kama ni ya mdomoni au ya maandishi. Piga mstari chini ya neno dogo linaloambatana nayo. Mwisho andika sentensi ya Kiswahili inayofanya kazi ileile, hata kama haina neno hata moja linalofanana. Kisha jipime ukiwa umefunika Kiingereza: kesho yake, siku ya tatu, siku ya saba, siku ya ishirini na moja. Hapo ndipo wengi hukosea. Huufungua ukurasa, wakaisoma nahau, wakatikisa kichwa, "hii naijua". Kuitambua siyo kuwa nayo. Kipimo ni kusoma hali ya Kiswahili na kutoa Kiingereza kamili, na neno lake dogo. Ukikosa "on" ya "cut corners", umekosa yote, rudi siku ya kwanza.

Gawa daftari pia sehemu mbili, za kuelewa na za kutumia. Nyingi ziende upande wa kuelewa. "Burn the midnight oil", kukesha kwa kazi au masomo, utakutana nayo. Kwenye taarifa ya ofisi "worked late" inatosha, na haichekeshi mtu. Upande wa kutumia ubaki na zile zinazobeba tarehe, fedha na ajira, maana hizo huna pa kuzikwepa.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Badala ya hamsini, chapeni tano, kila moja kwa mfano huu:

"Call it a day": kufunga kazi kwa leo, au kuacha jambo kabisa. Ya mdomoni, kwa wenzako kazini, kwa bosi sema "shall we stop here?". Mfano: "It's getting dark; let's call it a day." Haina wingi, haigeuzwi kuwa "it was called a day", na mkazo wa sauti uko kwenye "day". Mstaafu naye aweza kusema "after thirty years he called it a day", hapo hakurudi kesho yake. Hatari: isichanganywe na "call off", ambayo ni kufuta kabla jambo halijafanyika.

Tano za namna hiyo zinajaza safu moja. Nafasi ikibaki, wekeni tangazo.

Walimu wa Kiingereza cha kazini,
Madarasa ya jioni, Dar es Salaam